Mhusika Ndani ya Mlinganyo: Riwaya ya Contact na Nadharia ya Matundu ya Anga

Uhakiki wa bunilizi za kisayansi umezoea kupima kazi hizo kwa kigezo cha utabiri: mwandishi alitaja chombo fulani, na baada ya miaka kadhaa chombo hicho kikaundwa. Kigezo hiki huigeuza fasihi kuwa ramli. Aidha, hakielezi jinsi kazi ya kubuni inavyoweza kuathiri sayansi ya nadharia, ambayo haina chombo cha kuonyesha. Makala haya yanajadili suala hilo kwa kurejelea riwaya ya Contact ya Carl Sagan (1985) na utafiti wa fizikia uliochochewa nayo. Hoja ya msingi ni kwamba mchango wa riwaya hiyo kwa nadharia ulikuwa kuiwekea sharti.

Sagan, aliyekuwa mwanafalaki, alihitaji kumfikisha mhusika wake mkuu, Ellie Arroway, karibu na nyota ya Vega, iliyo umbali wa takribani miaka 25 ya nuru, kisha kumrudisha duniani akiwa hai. Katika mswada wa awali alimpitisha ndani ya shimo jeusi. Alimwomba rafiki yake Kip Thorne, mwanafizikia wa Taasisi ya Teknolojia ya California, aukague mswada huo. Thorne alipinga, kwa kuwa anayeingia katika shimo jeusi huangamia. Badala yake alipendekeza njia ya mkato inayounganisha sehemu mbili za anga, mithili ya tundu ambalo funza hutoboa kutoka upande mmoja wa tunda hadi wa pili.

Dhana hiyo haikuwa mpya. Einstein na Rosen waliigusia mwaka 1935, lakini mwaka 1962 Fuller na Wheeler walionyesha kwamba tundu la aina hiyo hujifunga kabla hata mwali wa nuru haujavuka. Kilichokuwa kipya ni hitaji la msuko. Mwaka 1988 Thorne na mwanafunzi wake Michael Morris walichapisha katika jarida la American Journal of Physics makala iliyogeuza utaratibu wa kawaida. Kwa desturi, mtafiti huanza na maada, kisha hutafuta umbo la anga linalotokana nayo. Wao walianza na msafiri: pasiwepo mpaka unaomzuia kurudi, safari isizidi takribani mwaka mmoja, nguvu zinazouvuta mwili wake zisizidi zile alizozizoea duniani. Ndipo walipouliza ni maada gani ingeweza kulishikilia tundu hilo wazi. Milinganyo ya nadharia ya uhusianifu ilidai maada ya ajabu, ambayo kwa baadhi ya watazamaji ingeonekana kuwa na nishati hasi.

Kwa jicho la mhakiki, masharti hayo ni masharti ya msuko yaliyoandikwa kwa lugha ya hisabati. Milinganyo haijali kama yupo anayepita, riwaya hujali. Athari yake haikuishia hapo. Mwaka huohuo Morris, Thorne na Ulvi Yurtsever walichunguza iwapo tundu hilo lingeweza kumrudisha mtu katika wakati uliopita, na mwaka 1992 Stephen Hawking akatoa dhanio kwamba sheria za maumbile huzuia jambo hilo.

Huenda ikadaiwa kwamba haya yalikuwa mazungumzo ya wanasayansi wawili tu, wala fasihi haikuhusika. Pingamizi hili lina uzito, lakini Sagan aliuliza swali lake kwa sababu hadithi yake ilikwama. Mfano wa H. G. Wells, ambaye hakuwa mwanafizikia, unalikamilisha jibu. Riwaya yake The World Set Free (1914) ilitegemea maandishi ya Frederick Soddy kuhusu unururifu. Leo Szilard aliisoma mwaka 1932, na mwaka 1933 akabuni wazo la mmenyuko wa mfululizo wa nyuklia. Kwa maelezo yake mwenyewe, ni Wells aliyemfanya atambue hatari ya wazo hilo. Kwa hiyo aliikabidhi hataza yake kwa mamlaka ya jeshi la majini la Uingereza ili ibaki siri. Hapa riwaya ilimwonyesha mwanasayansi uzito wa matokeo.

Matundu ya anga hayajawahi kuonekana, wala haijathibitishwa kwamba maada inayohitajika yaweza kupatikana kwa kiasi cha kutosha. Katika riwaya yenyewe, wasafiri watano wanarejea bila ushahidi unaokubalika, na kwa waliobaki duniani mashine inaonekana haikuondoka. Kwa kigezo cha utabiri, basi, Contact haijafaulu. Kwa kigezo cha sharti, athari yake inafuatilika hatua kwa hatua, kuanzia mswada hadi mlinganyo. Mhakiki wa bunilizi za kisayansi anapaswa kuchunguza mambo mawili: ni masharti gani msuko unayaweka, na ni nani katika sayansi aliyekubali kufungwa nayo.