Msokoto Uliofichika: Namna Nyaya za Gitaa Zinavyozuiwa Kutatizana Jukwaani

Waya wa gitaa la umeme unaotatizana katikati ya onyesho, mara nyingi, uliharibiwa usiku uliotangulia, wakati ulipokuwa ukikunjwa baada ya kazi, na miguu ya mpigaji anayelaumiwa kwa kuuburuta hufichua tu kile kilichokwisha kuwekwa ndani yake. Kiswahili chenyewe kinalitoa neno tatizo katika tata, neno linalosemwa juu ya uzi ulioshikamana, na kwa mafundi mitambo wa bendi maana hiyo ya asili haijapotea hata kidogo.

Ili kuelewa jinsi msokoto unavyoingia, umbo la waya lazima lijulikane. Katikati umo uzi wa shaba unaobeba ishara ya umeme kutoka kwenye gitaa. Uzi huo umefunikwa kwa plastiki ya kuhami. Juu ya plastiki hupita wavu wa nyuzi nyembamba za shaba zilizosukwa, unaoitwa ngao kwa kuwa huzuia makelele ya umeme ya taa na mitambo jirani. Na nje kabisa lipo ganda la mpira au plastiki. Kila ncha ina jeki, yaani kichomeo cha chuma chenye kipenyo cha milimita 6.35, umbo lililorithiwa kutoka mitambo ya simu ya karne ya 19, ambayo wahudumu wake waliwaunganisha watu kwa kuchomeka na kuchomoa kwa mkono. Kitu kilichojengwa hivi hukubali kupindwa, lakini hupinga kusokotwa, na katika tofauti hiyo ndipo shida yote inapoanzia.

Anayekunja waya kwa kuuzungusha upande ule ule, pete juu ya pete, huugeuza kwa vidole mzunguko mmoja kamili katika kila pete ili ilale bapa, na kwa kuwa ncha ya pili inaning'inia huru, yeye mwenyewe haoni kwamba amefanya lolote. Pete yenye kipenyo cha sentimita 30 hula karibu sentimita 94 za waya, kwa hiyo waya wa mita 6 hutoa pete 6 na kipande kidogo. Kesho yake ukivutwa na kunyooshwa bila ncha zake kuzungushwa, mizunguko 6 iliyokuwa imelala katika pete huhamia katika mwili wa waya. Msokota kamba za usumba hufanya jambo hilo kwa kukusudia, kwani yeye hutaka nyuzi zikazane ili zisiachane. Mpiga gitaa hulifanya bila kujua, na kwa hasara. Kukunja kwa kuzungushia kiganja na kiwiko, ambako ni desturi ya wengi, ni kubaya zaidi, kwa sababu pamoja na msokoto huo waya hupata pindo kali kila unapopita kwenye kiwiko.

Kinachofuata jukwaani kinaweza kutabiriwa. Mpigaji anapokuwa mbele, karibu na wasikilizaji, waya hukaza na msokoto hauonekani. Anaporudi nyuma kuelekea amplifaya waya hulegea, na sehemu iliyolegea hujikunja yenyewe na kujizonga kama mkia wa nguruwe, kisha anapokwenda mbele tena kitanzi hicho hukazwa kikawa pindo, na katika pindo nyuzi za ngao hukatika moja baada ya nyingine hadi mngurumo usikike kwenye spika. Hesabu ya badiliko hilo, ya msokoto uliofichika kuwa kitanzi kinachoonekana, ilifafanuliwa na mwanahisabati Gheorghe Călugăreanu wa Romania kati ya 1959 na 1961, na kupanuliwa na James White mwaka 1969: katika utepe uliofungwa ncha zake, jumla ya msokoto na kujizonga haibadiliki, na kinachopungua upande mmoja lazima kiongezeke upande wa pili. Wanabaiolojia huitumia kanuni hiyo hiyo kueleza jinsi DNA inavyojikunja ndani ya seli, na inafaa kuitaja hapa kwa sababu inaonyesha kwamba hakuna ustadi wa kutembea utakaouondoa msokoto ambao waya umekwisha kuubeba.

Dawa, basi, ni kukunja kwa namna isiyoacha msokoto, na mbinu iliyoenea miongoni mwa mafundi wa jukwaa ni ile ya kupishanisha pete. Pete ya kwanza hukunjwa kwa kawaida. Ya pili hushikwa kwa mkono uliopinduliwa, kidole gumba kikielekea chini, ili inapowekwa juu ya ya kwanza sehemu inayoendelea ya waya itokee kwa ndani, nyuma ya pete. Ya tatu hurudi kuwa ya kawaida, na hivyo hadi mwisho. Pete ya kawaida huuzungusha waya mara moja kwa upande mmoja, pete iliyopinduliwa huuzungusha mara moja kwa upande wa pili, na jumla yake ni sifuri. Waya uliokunjwa hivyo hurushwa jukwaani huku ncha moja imeshikwa, ukalala umenyooka. Nyaya ndefu na nzito zinazotandazwa sakafuni kwa umbo la tarakimu 8 hufuata kanuni ile ile, kwa kuwa nusu moja ya tarakimu hiyo hufuta kilichoongezwa na nusu ya pili.

Mbinu hiyo ina mtego wake, na haifai kusifiwa bila kuutaja: ncha ya waya ikipenya kwa bahati mbaya katikati ya pete, kila pete iliyopinduliwa huwa fundo wakati wa kuvuta, na mtu hujikuta na mfululizo wa mafundo kama shanga. Kwa sababu hiyo fungu hufungwa kwa kamba fupi au utepe wa velkro kabla ya kutiwa sandukuni, jeki zote mbili zikibaki nje ya pete. Umuhimu wa kufunga ulithibitishwa mwaka 2007 na Dorian Raymer na Douglas Smith wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, ambao walizungusha kamba ndani ya sanduku mara 3,415 na kukuta mafundo yakijifunga katika sekunde chache tu, isipokuwa kwa kamba zenye urefu usiofikia takriban sentimita 46, ambazo karibu hazikufungika kabisa. Waliona pia kwamba kamba ngumu, na ile isiyo na nafasi ya kuchezacheza, hujifunga kwa nadra zaidi. Waya uliofungwa vizuri umenyimwa nafasi hiyo.

Waya ukishatandazwa, jambo la kwanza ni kuupitisha kati ya mkanda wa gitaa na mwili wa gitaa kabla ya kuuchomeka, ili ukikanyagwa mvuto upokewe na mkanda badala ya jeki, na ili waya uning'inie nyuma ya mpigaji, mbali na hatua zake. Mpigaji anayejizungusha kila mara kwa upande mmoja huongeza mzunguko mmoja katika waya kwa kila duru, hivyo hulazimika kujizungusha upande wa pili kwa idadi ile ile.

Ugumu hukua pale magitaa yanapokuwa mengi, na hapo bendi za muziki wa dansi za Tanzania na za rumba ya Kongo, zenye solo, ridhimu, besi na pengine gitaa la kati liitwalo mi-solo, pamoja na wanenguaji wanaopita mbele yao, zinastahili kutazamwa kwa makini kuliko kundi lenye gitaa moja. Amplifaya zikipangwa nyuma kwa mfuatano ule ule wa wapigaji, nyaya hushuka sambamba bila kukatizana, na urefu unaozidi hulazwa karibu na amplifaya, wala si miguuni. Mpiga solo akipita nyuma ya mpiga besi huvuka waya wa mwenzake, na wake hulala juu tu. Akipita mbele yake, waya wake humzunguka mwenzake miguuni. Akirudi kwa njia aliyoendea, kila kitu hufumuka. Akienda kwa mbele na kurudi kwa nyuma, amesuka. Ni sheria ya ukili wa mkeka, ambao hufumuliwa kwa kurudia kila hatua kinyumenyume, na wanahisabati, tangu kazi ya Emil Artin ya mwaka 1925, wameitengenezea nadharia kamili ya misuko. Kwa vitendo humaanisha kwamba bendi huamua njia za kupita mapema, kama inavyoamua nani aanze wimbo.

Urefu wa waya nao hauchaguliwi kwa kuhofia kutatizana peke yake. Waya wa kawaida hubeba takriban pikofaradi 100 kwa kila mita, yaani uwezo wa kuhifadhi chaji ambao, katika gitaa lisilo na betri, hufifiza sauti za juu, na mpiga solo anayetegemea ung'avu wa nyuzi nyembamba hupoteza mengi zaidi kwa mita 12 kuliko kwa 6.

Njia ya kuukwepa waya kabisa ipo, nayo ni kuipeleka ishara kwa redio. Tarehe 12 Desemba 1976, huko Lakeland, Florida, Ace Frehley wa kundi la KISS alipigwa na umeme jukwaani alipogusa reli ya chuma, kwa kuwa nyuzi za gitaa zimeunganishwa na ngao ya waya na kupitia kwayo na amplifaya. Baadaye kundi hilo likawa miongoni mwa waliotangulia kutumia mtambo wa redio uliobuniwa na Ken Schaffer. Hata hivyo mtambo wa redio huhitaji betri na masafa yasiyoingiliwa, na bendi nyingi bado hutegemea shaba.

Waya uliokwisha kusokotwa hauhitaji kutupwa upesi. Huanikwa juani kwa muda mfupi ili ganda lilainike, ncha moja hufungwa mahali pa juu, kisha mkono hupitishwa polepole kuelekea chini huku ncha ya pili ikiachwa izunguke hadi itulie. Pale pindo lilipokwisha kukata ngao, kipande hicho hukatwa, jeki hulehemiwa upya, na waya uliofupishwa hupewa mpiga besi, ambaye kwa kawaida husimama karibu na amplifaya yake.