Kutunga na Kukana

Neno kutunga lina mapana yake katika lugha yetu. Mshairi hutunga beti, mwanamke hutunga mimba, na biharusi hutungiwa asumini. Kinachotungwa hakikuomba kutungwa. Hapo ndipo inapoanzia riwaya ya Frankenstein ya Mary Shelley, na hapo ndipo inapotufaa sisi wa visiwani, ingawa ilichapishwa London mwaka 1818 na ndani yake hamna mnazi wala mkarafuu.

Kisa chake ni mashuhuri. Victor Frankenstein, mwanafunzi wa sayansi, anakusanya viungo vya maiti, anaunda kiumbe na kukitia uhai. Kinapofumbua macho tu, anakiona kibaya na kukikimbia. Wengi husema kosa lake ni kuingilia kazi ya Muumba. Hoja hiyo ina uzito, wala hatuibezi. Lakini mwenye kuifuata riwaya hatua kwa hatua ataona kwamba maafa yanaletwa zaidi na kutelekeza kuliko kuunda. Kiumbe kinajifunza kusema kwa kusikiliza familia fukara kupitia ufa wa ukuta, kinaiokotea kuni kwa siri, kinatamani kupendwa. Kinageuka muuaji baada ya kufukuzwa kila kinapotokeza uso. Kwetu sisi mtoto huadhiniwa sikioni azaliwapo, na siku ya saba hupewa jina. Kiumbe hiki hakikupewa hata jina.

Kosa la pili ni zito zaidi. Mtumishi Justine anashitakiwa kwa mauaji ya mdogo wake Victor. Victor anamjua muuaji, lakini ananyamaza kwa kuchelea kuitwa mwendawazimu. Justine ananyongwa bila ya hatia.

Msomaji aliyekaa Makangale, ukingoni mwa msitu wa Ngezi ambamo popo wa Pemba hula matunda yao bila ya kumdhuru mtu, hawezi kuyasoma hayo asimkumbuke popobawa. Moja ya masimulizi ya asili yake husema kwamba mtu mmoja kisiwani Pemba, katika miaka ya 1970, alimtuma jini awalipizie kisasi jirani zake, na jini akamshinda nguvu. Mwaka 1995 hofu ilianzia Pemba ikavuka hadi Unguja, na huko mjini mgonjwa mmoja wa akili akauawa na kundi la watu waliomdhania kuwa ndiye. Hatukusudii hapa kuthibitisha wala kukanusha habari za majini. Tunatazama umbo la hadithi. Aliyetuma yu salama, na asiyehusika ndiye aliyelipa. Huyo ndiye Justine wetu.

Tofauti moja inastahiki kuzingatiwa. Katika simulizi yetu jini ana jina na aliyemtuma hana. Katika riwaya muundaji ana jina na kiumbe hakina, hata walimwengu wakazoea kukiita kiumbe chenyewe Frankenstein. Ni kana kwamba umma umemlazimisha baba kumkubali mwana aliyemkana.

Mwaka huo huo wa 1995 ulikuwa wa uchaguzi wa vyama vingi, na baada yake jirani hapa Pemba walisusiana madukani, harusini, hata mazikoni. Chuki ile haikushuka na mvua. Ilitungwa kwa maneno, na kila kampeni huwa na nyimbo na tungo zake. Mtunzi akiulizwa, hujibu kwamba yeye alitia vina na mizani tu, mengine ni ya watu. Jibu hilo ni la Victor, ambaye hata anapokata roho anajipima mwenendo na haoni lawama. Anayelia juu ya maiti yake na kujuta ni kile kiumbe. Kwa maoni yetu hapo ndipo penye kilele cha riwaya: dhamiri imehamia kwa aliyetungwa.

Mary Shelley mwenyewe alikwenda njia nyingine. Mwaka 1815 alimzaa binti kabla ya wakati, akafa hata jina hajapewa. Mwaka 1816, akiwa na miaka 18, alianza kuitunga riwaya hii karibu na ziwa la Geneva. Ilipotoka mwaka 1818 haikuwa na jina lake, lakini toleo la 1823 lilikuwa nalo, na katika toleo la 1831 aliandika utangulizi akaeleza ilivyotungwa, akaikubali pamoja na ubaya wake kuwa kizazi chake, na kuitakia heri.

Enyi watunzi wenzetu, ubeti ukishatoka kinywani haurudi. Basi tuutie jina letu kabla haujatoka, na siku utakapomjeruhi mtu, tuwe wa kwanza kufika mlangoni pake.