Zakaria Hana Lugha: Mzazi na Kijana katika Rosa Mistika

Kila mwaka Rosa Mistika inaposomwa, swali linalorushwa ubaoni ni lile lile: je, ukali wa Zakaria ndio uliomwangamiza Rosa? Wanaosema ndiyo wanajaza kurasa nne. Wanaosema hapana, kwamba Rosa alikuwa na akili zake na njia aliichagua mwenyewe, nao wanajaza kurasa nne. Wote wanapata alama, wanakwenda kula. Mimi naona swali lenyewe limekaa upande. Linapima malezi kama mtu anavyopima kamba ya mbuzi: imekazwa mno au imelegezwa mno? Makala haya yanataka kuuliza jambo dogo zaidi, ambalo wahakiki wetu wamelipita mbio. Ndani ya riwaya hii, mzazi na binti yake wanaongea nini kuhusu urafiki, na kuhusu shule?

Riwaya yenyewe tunaijua. Ilitoka mwaka 1971, ikiwa ya kwanza ya Euphrase Kezilahabi, na kwa muda ilikatazwa mashuleni kabla ya kurudi na kuwa kitabu cha kusomwa na wanafunzi wale wale waliofichwa. Mazingira ni Namagondo, kisiwani Ukerewe, alikozaliwa mwandishi mwenyewe mwaka 1944. Zakaria na Regina wana mabinti watano na mtoto wa kiume mmoja. Rosa ndiye mkubwa, na jina lake limechukuliwa kutoka Litania ya Bikira Maria. Yaani mtoto amebebeshwa jina la usafi kabla hajajua kutembea. Ni jina zito, bwana, na hakuna anayeketi naye chini kumweleza litabebwaje.

Tuanze na barua ya Charles, maana mzizi wa mambo uko pale. Kijana wa kijijini anamwandikia Rosa. Barua inaangukia mikononi mwa baba, na Rosa anapigwa. Wengi tukifika hapo tunaandika pembeni “ukatili wa Zakaria”, tunafungua ukurasa wa pili. Lakini hebu turudi nyuma kidogo. Zakaria anayo barua mkononi. Ana jina la mwandikaji, anajua kuwa binti yake amefikia umri wa kuandikiwa. Kwa mzazi mwenye neno, barua ile ingekuwa kigoda cha kukalia: Huyu Charles ni nani? Mnafahamianaje? Wewe unamwonaje? Maswali matatu tu. Zakaria hana hata moja. Barua, ambayo ni maneno, inajibiwa kwa kipigo, na Rosa anajifunza siku ile kwamba urafiki na mvulana ni jina jingine la kosa.

Kinachonishangaza zaidi ni kwamba Zakaria ni mwalimu wa zamani. Huyu si mtu asiyejua shule ni nini! Amesimama mbele ya watoto wa wenzake akaeleza, akauliza, akasubiri mkono unyooshwe. Nyumbani kwake chaki imemwishia. Ulevi unachangia, sikatai, lakini ulevi peke yake hautoshi kueleza jambo hili, kwa sababu walevi wengi tunaowajua ni wasemaji kupindukia. Nadhani Kezilahabi ametuchorea kitu kingine, hata kama hakukitamka: baba ambaye kwa somo hili hakupewa lugha na mtu yeyote.

Angepewa na nani? Katika jamii zetu nyingi mazungumzo ya namna hii hayakuwa kazi ya baba wala mama. Pwani kulikuwa na kungwi na somo. Mahali pengi bara, bibi na shangazi ndio waliokuwa na ruhusa ya kusema yale ambayo mzazi angeyasema kwa haya tupu. Bibi hutania, na ndani ya utani huo mtoto anaambiwa kila kitu. Halafu zikaja misheni na shule. Msichana akaondolewa jikoni kwa bibi, akapelekwa bwenini, na kazi ya kungwi ikabaki haina mwenyewe. Shule ikadhani nyumbani wataongea, na nyumbani wakadhani shule inafundisha. Rosa amepita katikati ya dhana hizo mbili. Kwa hiyo kumwita Zakaria “mzazi wa kimila” ni kuisingizia mila. Mila ilikuwa na mtu wa kuongea.

Na Regina je? Huyu anampenda binti yake, hilo halina ubishi. Lakini anaishi chini ya mkono ule ule. Mama anayepigwa na baba mbele ya watoto akisema “jihadhari na wanaume”, maneno yake yanasikika vipi? Yana ukweli wote duniani, ila hayana njia ya kutokea. Regina anafundisha uvumilivu kwa mwili wake kila siku, na Rosa ni msomaji hodari wa somo hilo.

Hapa nataka kumleta Mwana Kupona, japo najua wapo watakaosema namchanganya mchele na mtama. Utendi wake wa mwaka 1858 ni wa mama mgonjwa, mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, akimwusia binti yake Mwana Hashima. Dunia ile haina sekondari wala bweni. Wasia mwingi unahusu dini, adabu, ulimi na utumishi kwa mume, na leo dada zetu darasani wanaukunjia uso, kwa haki. Lakini angalieni tendo lenyewe. Mama anamwita binti akaribie, aje na karatasi na wino, ana maneno moyoni anayotaka kumpa. Wanaketi. Suala la marafiki halikusahauliwa pia: anamwambia achague wa kukaa nao na awaepuke wasiojua heshima. Zaidi ya karne moja kabla ya Zakaria, mwanamke wa Pate alikuwa na chombo cha kumsemesha kijana wake bila kumgusa. Chombo hicho ni utendi, na alikirithi kutoka kwa jamii yake kama wengine wanavyorithi shamba. Ukiweka karatasi ya Mwana Kupona kando ya barua ya Charles, tofauti unaiona bila mwongozo.

Mwenzangu mmoja katika semina alinipinga hapo, na alikuwa na hoja: Mwana Hashima naye hasemi. Beti mia na ushei, binti anasikiliza tu. Je, hayo ni maongezi au ni mhadhara? Ni kweli. Wasia wa Kiswahili umejengwa kwa mdomo mmoja, na hatuna utendi wa kumjibu mama. Hata hivyo nasema anayesikiliza wasia anajua kwamba kuna mtu wa kumwendea siku mambo yakiharibika. Rosa hana huyo mtu, na ndiyo maana mambo yalipoharibika alikwenda kwa kila mtu isipokuwa nyumbani.

Twende naye shuleni Rosary. Anafika akiwaogopa wavulana kama simba, na kwa muda woga huo unasomwa na watu kuwa ni tabia njema. (Mara ngapi tumeona ripoti ya shule inayosema “mwanafunzi mtulivu” kumbe mtoto amekauka kwa hofu?) Wenzake wanamcheka. Wao ndio wa kwanza kuzungumza naye kuhusu mapenzi kwa sauti ya kawaida, bila ngumi. Tusishangae basi kwamba aliwaamini. Kipigo kilimfundisha kukimbia wavulana. Hakikumfundisha kumpima mtu. Deogratias anapokuja, na baadaye mkuu wa chuo cha ualimu, mtu mzima aliyetakiwa kumlinda, Rosa hana mizani. Ana hofu tu, na hofu ikishaisha hakuna kitu chini yake.

Hapo hapo nina ugomvi na mwandishi. Kezilahabi anawachora wasichana wa Rosary haraka haraka, kama kundi la kumvuta Rosa shimoni. Urafiki wa msichana kwa msichana, ule wa kuazimana sabuni, kusomeana barua na kuamshana kujisomea, haupati nafasi ya kutosha. Kwa maana hiyo riwaya inakaribia kukubaliana na Zakaria kwamba marafiki ni hatari. Tena msimulizi mwenyewe anapenda kusimama katikati ya hadithi na kutoa somo la malezi kwa wazazi wanaosoma. Anaongea na akina Zakaria juu ya kichwa cha Rosa! Msichana wa miaka kumi na sita anayesoma kitabu hiki bwenini anakuta watu wazima wanasemezana kuhusu yeye, hata ndani ya kitabu kilichoandikwa kwa kumtetea. Nadhani hata kukatazwa kwake kulitokana na mazoea hayo hayo: mambo ya vijana yajadiliwe, lakini vijana watoke nje kwanza.

Charles, aliyeanza yote kwa barua, anamwacha Rosa kwa sababu ya ubikira, naye pia bila kuuliza. Rosa anajiua. Na ndipo Kezilahabi anafanya jambo ambalo kwangu ni kubwa kuliko mahubiri yake yote: anawapeleka baba na binti mbele ya Mungu. Kuna wanaolaumu kwamba sehemu hii inavunja uhalisia wa riwaya. Kwangu ndiyo sehemu halisi kuliko zote. Kule Rosa anafungua mdomo, anamlaumu baba yake kwa malezi, na Zakaria analazimika kusimama na kusikia. Hana fimbo wala pombe mkononi, na mlango wa kutokea haupo. Mwandishi alitafuta Namagondo nzima mahali ambapo mazungumzo haya yangeweza kufanyika, asipaone. Ikabidi awaue wote wawili kwanza.