Utambi na Bilauri

Msomaji, yamkini umefundishwa kwamba katika picha za kale za Uholanzi fuvu la kichwa ni ishara ya mauti, kitabu ni ishara ya elimu, na ua ni ishara ya ujana upitao. Mafunzo hayo ni sahihi, lakini hayatoshi. Azihesabuye ishara kama mwenye duka ahesabuvyo bidhaa zake, picha yenyewe humponyoka.

Itazame kazi ya Pieter Claesz ya mwaka 1628, iliyohifadhiwa katika jumba la Metropolitan, New York. Ni picha ndogo; upana wake hautimizi sentimita 36. Pana fuvu, kalamu ya unyoya, bilauri iliyolala ubavu, na taa ya mafuta ambayo utambi wake wakaribia kuzimika. Rangi ni kijivu na hudhurungi, karibu bila nyingine. Fuvu hutamka mauti kwa sauti kuu, hata huchosha kidogo. Nuru husema kwa upole zaidi: imeigusa bilauri tupu ikaacha mng'ao mwembamba, nawe wajua kwamba kikipita kiwingu mng'ao huo hauko tena. Kwa maoni yangu, huo ndio moyo wa picha.

Ukiwa mkaazi wa Tassia, waweza kulijaribu jambo hili nyumbani. Maghorofa ya huko yamesongamana, na vyumba vingi hupata nuru upande mmoja tu, kama ipatavyo meza ya Claesz. Weka bilauri ya maji karibu na dirisha, zima taa ya umeme, uitazame alasiri mpaka magharibi. Ukingo wake utang'aa, kisha utafifia, wala bilauri haikusogea.

Pwani yetu ina mfano wake, japo kwa maneno. Mwanzoni mwa karne ya 19, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir alitunga Al-Inkishafi juu ya fahari ya Pate iliyokwisha. Humo mna nyumba zenye taa za kioo na shaba, na zidaka zenye vyombo vya kaure. Kisha mna giza, popo, na ndege waliolala zidakani.

Wote wawili watuonya tusiipende anasa, na wote wawili waipamba hata tukaitamani. Hilo si kosa. Asiyeitamani bilauri hatasikitika nuru ikiiacha. Ila Pate taa zimekwisha kuzimika, na mezani pa Claesz utambi bado una cheche.