Kompyuta ya sataranji na hesabu ya fundi wa bao

Mwaka 1968, mjini Edinburgh, David Levy, bingwa wa sataranji wa Scotland, aliwekeana dau na wanasayansi John McCarthy na Donald Michie kwamba ndani ya miaka 10 haitapatikana kompyuta ya kumshinda katika pambano. Miaka ilipotimia, mwaka 1978, alikaa mjini Toronto mbele ya Chess 4.7, programu iliyozaliwa Chuo Kikuu cha Northwestern na kuendeshwa na mtambo mkubwa wa Cyber 176. Mchezo wa kwanza nusura umponyoke, akaambulia sare. Wa pili na wa tatu akashinda, wa nne akafungwa, wa tano akashinda. Pambano likaisha kwa pointi 3.5 kwa 1.5, na dau likawa lake.

Huo mchezo wa nne ndio wenye funzo kwetu sisi tunaocheza bao Unguja. Levy aliamua kwa makusudi kucheza ufunguzi wa vurugu, wa kutoa askari ili ashambulie mapema, akitaka kuipiga mashine pale pale inapojivunia nguvu zake. Akaanguka. Katika michezo aliyoshinda alifanya kinyume chake: aliufunga ubao, akawakabanisha askari katikati, akasogeza kete zake taratibu bila kutishia chochote, akingoja mashine isiyojua la kufanya ijiharibie yenyewe. Alikwepa hesabu. Alijua kwamba mahali penye kulana kwa mfululizo, kompyuta haikosei jumla, na mahali patulivu haikuwa na mpango.

Kwa nini ilikuwa hivyo? Jibu liko katika njia mbili alizozichora mwanahisabati Claude Shannon mwaka 1950. Ya kwanza ni kupitia kila mchezo unaowezekana, yaani kila hatua ya kete, kisha kila jibu lake, kisha kila jibu la jibu, hadi kina fulani, halafu kuupa ubao alama na kurudi nyuma kuchagua. Ya pili ni kuchagua michezo michache yenye maana na kuifuata hiyo tu, kama afanyavyo binadamu. Shannon mwenyewe aliona ya pili ndiyo yenye matumaini, kwa sababu katika sataranji kila zamu ina michezo kama 30, na ukizidisha 30 kwa 30 kwa 30 unafika haraka kwenye idadi isiyobebeka. Mac Hack, programu ya Richard Greenblatt iliyocheza mashindano ya binadamu mwaka 1967 huko Marekani, ilifuata njia hiyo ya kuchagua. Taabu yake ni kwamba mashine ikiutupa mchezo mmoja uliokuwa wa muhimu, imekwisha. David Slate na Larry Atkin, watunzi wa Chess 4.7, wakageuka mwaka 1973 na kurudi kwenye njia ya kwanza: pitia vyote, usibague.

Kilichowawezesha ni mbinu iitwayo alfa-beta. Ukishaona kwamba mchezo fulani una jibu moja la kukuumiza zaidi kuliko ule ulio nao tayari mkononi, huna haja ya kutazama majibu yake mengine. Tawi zima linakatwa, na matokeo ya mwisho hayabadiliki hata kidogo. Kwa ukataji huo na kwa mitambo iliyozidi kwenda kasi, kina kiliongezeka mwaka hadi mwaka. Belle, mashine ya Ken Thompson na Joe Condon, ilipata daraja la umasta mwaka 1983. Mashine ya Deep Thought ilimfunga masta mkuu Bent Larsen mwaka 1988. Mei 1997, mjini New York, Deep Blue ikapitia nafasi milioni 200 kwa sekunde na kumshinda bingwa wa dunia Garry Kasparov kwa 3.5 kwa 2.5. Ubao uliofungwa haukutosha tena kuwa ngome.

Sasa tuulete ubao wetu. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 katika safu nne na kete 64, za komwe. Kila mchezaji huanza na kete sita ndani ya nyumba, shimo lake kuu la safu ya mbele, mbili katika kila shimo kati ya mawili yaliyo kuliani mwa nyumba hiyo, na 22 zinabaki mkononi za kunamua, yaani kuingizwa ubaoni moja kila zamu. Idadi ya namna za kuzigawa kete 64 katika mashimo 32 inakaribia 1 ikifuatwa na sifuri 25. Ni ubao mkubwa sana, ingawa mdogo kuliko wa sataranji. Lakini ukubwa sio unaolitenga bao. Kinacholitenga ni kwamba katika sataranji zamu moja hugusa kete moja au mbili, na ubao uliobaki unakaa ulivyokuwa. Katika bao zamu moja inaweza kuubomoa ubao wote.

Chukua zamu ya kwanza kabisa. Mbele ya nyumba yako na mashimo yako mawili yenye kete, upande wa mwenzako kuko wazi, kwa hiyo huwezi kula, unatakata tu, yaani unagawa kete zako bila kula. Tuseme unanamua katika shimo lililo jirani na nyumba kuliani; lilikuwa na mbili, sasa lina tatu. Ukizigawa kushoto, moja inaingia nyumbani, ya pili katika shimo tupu linalofuata, ya tatu katika tupu jingine, na hapo unalala, yaani zamu yako inaisha. Mashimo hayo mawili sasa yanatazamana na mashimo ya mwenzako yenye kete, na mojawapo ni nyumba yake. Kwa namu moja tu atakula. Ukizigawa kuliani, ya kwanza inaingia shimo lenye mbili, ya pili kichwani, yaani shimo la mwisho la safu ya mbele, ya tatu inakunja kona hadi safu ya nyuma, unalala, na mwenzako hana cha kula. Ni kete zile zile tatu. Kilichotofautiana ni upande tu, na tayari michezo miwili imekwenda njia zisizofanana.

Hapo bado hatujala kitu. Katikati ya mchezo, kete zilizoliwa huanzia kichwani, ya mwisho ikiangukia shimo lenye kete linalotazamana na la mwenzako lenye kete, unakula tena. Ikiangukia shimo lenye kete lakini pasipo na cha kula, unazoa na kuendelea. Zamu inaweza kuzunguka ubao mara kadhaa kabla ya kulala. Watafiti wamethibitisha hata kuwapo kwa zamu ambazo hazilali kabisa, na programu ya bao isiyowekewa kikomo itaganda hapo milele.

Kwa kompyuta, kuifuata zamu ndefu namna hiyo ni kujumlisha moja moja, kazi isiyoichosha. Kwa binadamu ndiyo kazi ngumu kuliko zote. Na hapa nataka niseme wazi ninachoamini: fundi wa bao anatenda kichwani kile ambacho masta wa sataranji hukwepa. Levy aliweza kuufunga ubao ili asihesabu. Fundi wa bao hana cha kufunga. Kula ni lazima kunapowezekana, kwa hiyo hawezi hata kujisogezea kete pembeni na kungoja. Kila mpango alio nao unapita katika hesabu.

Mholanzi Alex de Voogt aliishi na mafundi wa bao hapa Zanzibar, na tasnifu yake ya mwaka 1995 katika Chuo Kikuu cha Leiden iliuliza swali hili hasa: akili inafika wapi? Alichunguza jinsi wanavyozikumbuka nafasi, wanavyozihesabu zamu ndefu, hata wanavyocheza bila kuutazama ubao. Tasnifu hiyo ingepaswa kujulikana Mji Mkongwe kama inavyojulikana Ulaya. Anayepita Jaws Corner, humo Mji Mkongwe, jioni huona wazee wakinywa kahawa na wengine wakicheza bao. Si rahisi ajue kwamba mbele yake kuna ujuzi uliowashughulisha wanasayansi wa akili.

Je, mashine ingemfunga fundi? Kwa kina, naona ingemzidi. Ulazima wa kula hupunguza michezo inayoruhusiwa katika zamu nyingi, na matawi yakiwa machache alfa-beta huzama mbali. Bao la awari la Afrika Magharibi, lenye mashimo 12 na kete 48, lilimalizwa kabisa mwaka 2002 na John Romein na Henri Bal wa Amsterdam: walipitia nafasi zaidi ya bilioni 889 na kuthibitisha kwamba wachezaji wawili wasiokosea watatoka sare. Bao letu haliwezi kupitiwa lote namna hiyo, ila Jeroen Donkers na Jos Uiterwijk wa Maastricht walikwisha kuliandikia programu mwanzoni mwa miaka hiyo ya 2000.

Penye ugumu ni pale hesabu inapokoma na mashine inalazimika kuupa ubao alama. Katika sataranji watunzi walikuwa na pa kuanzia: malkia pointi 9, ngome 5, askari 1. Katika bao, kete iliyo kwangu sasa hivi inaweza kuwa kwako baada ya zamu moja, na wingi wa kete safu ya nyuma haumwokoi mtu ambaye safu yake ya mbele imekauka. Na nyumba je? Iliyojaa ni hazina, na wakati huo huo ni windo. Kuilaza, yaani kukomea hapo, au kuisafirisha, yaani kuizoa na kuendelea, ni uamuzi ambao matunda yake huonekana mbali sana, aghalabu kuvuka namua na kuingia mtaji, hatua ya pili ambapo kete za mkononi zimekwisha, nje ya kina cha programu. Hapo ndipo ningeweka dau langu upande wa fundi, kama Levy alivyojiwekea lake.

Ila dau hilo haliwezi kuamuliwa kwa haki mpaka tufanye jambo moja ambalo wenzetu wa sataranji walilifanya karne nyingi kabla ya kompyuta: kuandika michezo. Watunzi wa mashine za sataranji walikuta maktaba nzima ya michezo ya mabingwa, wakatengeneza humo vitabu vya ufunguzi na kupima alama zao. Michezo ya mafundi wa Unguja hufutika kete zinaporudishwa mkononi. Kazi yenyewe si ya gharama. Kijana mmoja mwenye daftari akae barazani, ayape mashimo ya kila upande namba kuanzia 1 hadi 16, na kwa kila namu aandike shimo, upande zilikogawiwa kete, na kama nyumba imelala au imesafiri. Kwenye safu ya daftari inayohusu nyumba aongeze kitu kimoja: ilikuwa na kete ngapi fundi alipoamua.