Kumjua Fundi Pancha

Barabara ya Dar es Salaam kwenda Tunduma haikosi kitu cha kukuchoma. Lori likiharibika, dereva hukata matawi na kuyatandaza nyuma kama onyo, huchomeka mawe chini ya magurudumu, kisha likipona huondoka na mawe huyaacha palepale. Ongeza vipande vya matairi yaliyopasuka, vyenye nyaya nyembamba kama sindano, na boliti zilizodondoka kwenye matrela. Ndiyo maana kila senta njiani ina tairi kuukuu lililosimikwa kando ya lami, limeandikwa PANCHA kwa rangi nyeupe. Maandishi ni yaleyale; mikono haifanani.

Mimi humpima fundi kabla hajashika koleo. Fundi wa kubahatisha hukimbilia kuchomoa msumari. Anayejua kazi huuacha hapo ulipo kwanza, hulizungusha gurudumu taratibu akitafuta wa pili, hutia alama ya chaki, kisha hutazama msumari umelalia upande gani, maana utambi wa kuzibia lazima upite kwa mlalo uleule. Halafu huuliza: "Umetembea nayo bila upepo?" Akiuliza hivyo, namwachia ufunguo na kwenda kutafuta chai.

Swali hilo lina uzito. Tairi likiviringishwa likiwa tupu, ubavu wake hukunjwa na kusagwa na uzito wa gari. Kwa nje unaweza usione kitu. Lifungue: ukikuta unga mweusi kama kahawa iliyosagwa, na mstari wa mchubuko uliozunguka ubavu kwa ndani, hilo limekwisha hata kama tundu lenyewe ni dogo. Safari moja, pale Mikumi, kijana alinimiminia unga huo kiganjani. Saa moja nyuma fundi mwingine alikuwa ameliziba tairi hilohilo kwa nje, bila kulifungua, akanitakia safari njema. "Bosi, hii naweza kuziba ukanilipa," akasema yule kijana, "lakini sikuhakikishii Iringa." Akanifungia spea, akachukua hela ya kufungua na kufunga tu. Tangu siku hiyo fundi anayekataa kazi namweka juu ya anayekubali kila kitu.

Sasa ufundi wenyewe. Utambi ule wa kahawia unaonata, unaosukumwa kwa nje, ni wa kukufikisha. Hata huo una adabu yake: tundu hukwanguliwa kwanza kwa tupa ya mviringo, utambi hupakwa solusheni, na mikia yake miwili hubaki nje kidogo kabla ya kukatwa. Lakini ukiwa na kilomita mia tano mbele, omba tairi livuliwe kwenye rimu lizibwe kwa ndani, tundu lenyewe lijazwe na kiraka kilale juu yake. Hapa ndipo pa kusimama uangalie. Sehemu ya kiraka hukwanguliwa mpaka mng'ao uishe, hufutwa vumbi, hupakwa solusheni, kisha fundi hungoja. Wengi huharibu kazi kwenye kungoja. Solusheni ikiwa bado mbichi, kiraka huteleza na baadaye hubanduka kwa joto. Fundi mzuri huigusa kwa mgongo wa kidole. Ikinata bila kupaka, hubandika, kisha hukisugua kwa kigurudumu kidogo cha meno kuanzia katikati kwenda pembeni, ili hewa isibaki chini. Usimharakishe, na usimpigishe soga.

Tundu likiwa ubavuni, hakuna kiraka wala utambi. Anayekuambia "itakaa tu" mshukuru, uondoke.

Akikuuzia tairi la mtumba badala yake, usitazame kashata peke yake. Tafuta tarakimu nne za mwisho kwenye maandishi yanayoanza na DOT: 3219 maana yake lilitengenezwa wiki ya 32 ya mwaka 2019. Tairi lenye kashata nene na nyufa ubavuni ni zee lililopakwa rangi.

Mwisho wa kazi taka povu la sabuni, si sikio. Limwagwe kwenye kiraka, kwenye ukingo wa rimu na kwenye valvu pia. Mara ngapi pancha imeonewa bure na kosa ni la valvu. Nati zikazwe kwa kuruka, hii na ya upande wa pili, kwanza kwa mkono, halafu kwa spana gari likiwa limeshuka chini.

Nati hizo hulegea kidogo rimu inapojikalisha. Ukizibiwa Mikumi, simama Ruaha Mbuyuni uzikaze tena kabla ya kupanda Kitonga. Vitunguu vya pale navyo ni vizuri.