Mkono Unaoandika Zabuni

Kwenye fomu ya zabuni kuna mstari mmoja ambao mzee aliyenilea kazini hakumwachia mtu mwingine aujaze. Kurasa zote karani angeweza kuzipiga taipu, lakini jumla ya bei kwa maneno aliiandika mwenyewe kwa kalamu ya wino, huku akiitamka kwa sauti ya chini: milioni mia moja arobaini na mbili, laki sita na elfu thelathini. Masharti yanajulikana. Maneno na tarakimu zikipingana, maneno ndiyo yanayoshika. Bei ya kipimo kimoja ikipingana na jumla yake, inafuatwa bei ya kipimo. Neno moja likiteleza, mtu amejifunga. Hati yake ilikuwa ya shule za zamani, herufi zimeinama upande mmoja, na alipokosea hakufuta. Alikata kwa mstari mmoja, akaandika juu yake, akatia saini pembeni ili anayesoma aone kilichokuwapo na kilichobadilika.

Alikuwa mkandarasi wa majengo mjini Morogoro, wa madaraja ya chini katika yale saba ya Bodi ya Usajili wa Makandarasi. Hakuwa na kreni wala kijiko. Alikuwa na lori moja, mafundi waliomzoea, na zabuni zake.

Chuoni sisi wakadiriaji majenzi tulifundishwa hesabu, na hesabu ni kitu kizuri. Mita moja ya ujazo ya zege la uwiano wa 1:2:4 inakula mifuko sita na ushee ya saruji. Hilo halibadiliki uwe Masaki au Malinyi. Kinachobadilika ni mambo yote yanayouzunguka huo mfuko hadi ufike kwenye zege, na hayo yeye aliyafuata kwa miguu. Ilipotangazwa kazi ya zahanati na nyumba ya mganga upande wa Mahenge, tuliondoka naye kwenda kuiona saiti kabla hajaandika hata namba moja. Siku hizo Daraja la Magufuli, lile lililozinduliwa rasmi mwaka 2018, halikuwapo. Mto Kilombero ulivukwa kwa kivuko. Yeye hakuwa na haraka ya kuvuka. Alikaa kwenye kivuli pale Ifakara akazungumza na madereva mmoja mmoja: masika mnalala hapa siku ngapi? Maji yakijaa, tingo analipwa na nani? Saruji ikilowa, hasara ni ya nani? Majibu aliyaandika kwenye kijitabu cha mfukoni, na ndiyo yaliyokuja kukaa kwenye safu ya usafiri.

Saitini aliomba jembe. Alichimba mwenyewe, mzee wa umri ule, hadi ule udongo mweusi ulipoanza kung'ang'ania kwenye bapa la jembe. Akachukua donge, akalifinyanga kiganjani likawa kama kamba, akalikunja. Halikukatika. Udongo wa namna hiyo hujaa maji ukavimba, ukikauka ukapasuka, na msingi uliochimbwa kwa mazoea utapasuka nao. Baadaye alimwendea mama mmoja aliyekuwa akianua mahindi, akaamkiana naye vizuri, akamwuliza kiangazi wanateka maji wapi. Mama akanyoosha mkono. Tukaenda kupaona.

Kazi ile hatukuipata. Mwenzetu mmoja aliweka bei iliyokuwa chini mno, bei ya mtu ambaye hakuvuka mto.

Hapo ndipo wengi hawanielewi ninaposema kwamba jina la yule mzee lilijengwa na zabuni zake, na katika hizo nahesabu hata alizoshindwa. Siku hizo zabuni zilifunguliwa hadharani. Wazabuni walikaa chumba kimoja, bahasha zilipasuliwa mbele yao, na jina la kila mmoja lilisomwa na bei yake. Siku ile ukuta ulikuwa haujapanda hata kozi moja, lakini kila aliyekuwamo humo alikuwa amekwishapimwa. Bei ya mzee iliposomwa watu walitulia na kuandika. Wale waliokuwa juu yake kidogo walijua hawakupotea, na wale waliokuwa chini yake kwa mbali walianza kukuna vichwa. Jioni habari zilifika kwa wauza vifaa vya ujenzi, nao hawakuanza kwa kuuliza nani kashinda. Waliuliza, "Mzee kaweka ngapi?" Kwa jibu hilo walijua mshindi wampe nondo kwa mkopo au wamdai taslimu. Mafundi nao walisikia, wakapima kama mishahara itafika mwisho wa kazi.

Bei ya kutupa huwa na njia zake za kulipizwa. Mchanga huongezwa kwenye zege, nondo za milimita 12 hugeuka za 10 pale ambapo msimamizi hakufika, barua za nyongeza ya kazi huanza kuandikwa kabla ya lenta. Wenye kujenga shule na zahanati wanayajua haya kuliko mimi. Na lawama si ya wakandarasi peke yao. Sheria haijawahi kuilazimisha kamati imkimbilie aliyesomwa wa chini kabisa. Kuna tathmini, na bei isiyoelezeka ina haki ya kuulizwa. Kamati ngapi zinauliza?

Tangu 2023 zabuni za serikali zinapita kwenye mfumo wa kielektroniki wa NeST. Nimeona bahasha zikichelewa kwa makusudi, nimeona sanduku la zabuni ambalo ufunguo wake ulijulikana ulipo, kwa hiyo siulilii utaratibu wa zamani kwa ajili ya lakiri na mihuri yake. Ninacholilia ni kule kuitengeneza zabuni. Katika halmashauri moja nilikaa kwenye tathmini ya madarasa, na maelezo ya utekelezaji ya mzabuni mmoja yalitueleza kwa urefu jinsi atakavyopanga makaravati na kumwaga lami. Mwingine alitaja wilaya isiyo yetu kurasa tatu mfululizo. Walinunua maandishi hayo kwa kijana wa steshenari, ambaye pengine aliwauzia wote. Wote wawili walisaini kila ukurasa. Hawa ni watu wenye vyeti, wenye uwezo wa kujenga, na wamekubali kujulikana kwa karatasi ambayo hawakuisoma.

Vijana wa fani yangu hunipigia simu. Wana adabu, huanza na shikamoo, kisha huuliza, "Mzee, aliyeshinda mwaka jana aliweka ngapi?" Wakishaipata hiyo namba, kama naijua, huishusha kidogo, na zabuni imekwisha. Wengine huomba niwatumie mchanganuo wangu wa kazi nyingine ili wabadilishe majina. Nawauliza kama wamefika saiti. Wananiambia ramani wanayo kwenye simu. Na katika wote walionipigia, sijampata hata mmoja aliyeniuliza maji ya kukorogea zege yatatoka wapi mwezi wa kumi.